Baridi ya kwanza haimalizi bustani

Pita nyuma ya nyumba za Brooklyn Park, kaskazini-magharibi mwa jiji la Minneapolis, wiki ya pili ya Septemba, nawe utazitambua nyumba za Waafrika Mashariki bila kumuuliza mtu. Majirani wengi wana nyasi na maua. Hawa wana chakula. Sukuma wiki imefika kiunoni, mnavu umejaa vitunda vyeusi, matembele yametambaa mpaka kwenye maegesho ya gari, na boga limeruka uzio likazalia upande wa pili. Kwa macho ya mtu aliyekulia Morogoro au Kakamega, hii ni bustani iliyo katikati ya neema yake. Kwa kalenda ya jimbo la Minnesota, imebakiwa na wiki tatu au nne.

Kinachofuata nimekiona mwaka baada ya mwaka. Baridi inapiga usiku mmoja, asubuhi mchicha umelala chini mweusi, na mwenye bustani anarudisha jembe stoo na kutangaza kwamba msimu umekwisha hadi Mei. Mboga ambazo zingeliwa wiki sita zaidi zinaachwa zioze. Mbegu zinaanguka ovyo. Udongo unabaki mtupu hadi theluji ije kuufunika. Naamini hapo ndipo watu wetu wanapopoteza zaidi kuliko wanavyopoteza kwa wadudu na ukame wa Julai. Miezi hii ya vuli ya kaskazini, tangu Septemba hadi katikati ya Novemba, ndiyo inayoamua bustani ya mwaka ujao itakuwaje, na sisi tuliotoka kwenye nchi za jua la mwaka mzima hatukulelewa kuitumia.

Mwanga ndio unaotangulia kuondoka. Minneapolis iko kwenye latitudo ya nyuzi 45 hivi, nusu ya njia kati ya Ikweta na Ncha ya Kaskazini. Juni 21 mchana wake una saa 15 na nusu na ushei. Ikifika Septemba 22 au 23, usiku na mchana vinakaribia kulingana, na mwishoni mwa Desemba mchana haufiki saa 9. Kasi ya kupungua huwa kubwa zaidi Septemba hiyohiyo: dakika 3 hivi kila siku, zaidi ya dakika 20 kwa wiki. Mtu wa Mombasa au Bukoba, ambaye jua lake huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, hana sababu ya kuhesabu dakika hizo. Mimea inazihesabu.

Chukua rozela, ile ambayo Tanzania tunaichemshia juisi nyekundu na ambayo ndugu zetu wa Kongo wanaiita ngaingai na kuipika majani. Rozela husubiri siku zifupike ndipo itoe maua. Hapa, Juni na Julai, mchana ni mrefu mno, kwa hiyo inakua tu: majani, matawi, majani tena. Inapofika Septemba, siku zikafupika kiasi cha kuiambia kwamba wakati wa kuzaa umewadia, baridi ya kuua nayo iko njiani. Mbaazi zile za muda mrefu zinazopandwa kwetu zina tabia hiyohiyo; zinaweza kumpita mtu urefu na zisitoe hata ua moja kabla ya baridi. Asiyelijua hili atalaumu mbegu, atalaumu udongo, mwisho ataulaumu mkono wake mwenyewe. Hapana kosa la mtu hapo. Rozela ya Minnesota ipandwe kwa ajili ya mboga, na majani yake yachumwe yote kabla Septemba haijaisha.

Baada ya mwanga hufuata baridi yenyewe. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha umande, si jambo geni kabisa Afrika Mashariki. Wakulima wa viazi wa Kinangop, Kenya, wanaijua vizuri, na wakulima wa Makete, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, vilevile. Kwa mtu wa pwani au wa kando ya ziwa, ni somo jipya. Mjini Minneapolis jalidi ya kwanza huja kwa kawaida siku za mwanzo za Oktoba, na nje ya mji, ambako hakuna lami na majengo ya kutunza joto la mchana, huweza kutangulia mwishoni mwa Septemba. Miongo ya karibuni hali ya hewa imekuwa ya joto zaidi na msimu umerefuka, lakini usijivunie hilo. Wazee wa hapa hawajaisahau dhoruba iliyoanza Oktoba 31, 1991, siku ya watoto kupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende: zaidi ya sentimita 70 za theluji zilianguka Minneapolis na St. Paul kabla haijatulia Novemba 3.

Siku ya jalidi inajitangaza. Mchana unakuwa mzuri kupita kiasi, anga safi bila wingu hata moja, na jioni upepo unatulia kabisa. Hiyo ndiyo hatari, kwa sababu joto ambalo ardhi imelishika mchana kutwa linapanda juu na kupotea, mawingu yangelizuia. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka mabondeni, kwa hiyo tuta lililo chini ya mteremko hupigwa wakati lile la karibu na ukuta wa nyumba limesalimika. Ikifika saa 10 jioni na simu yako imeleta tahadhari ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, mwagia udongo maji, maana udongo wenye unyevu hushika joto vizuri kuliko ulio mkavu. Kisha toa shuka kuukuu, mablanketi, hata mapazia. Shuka ishuke mpaka igusane na ardhi pande zote na ibanwe kwa mawe. Wengi hulifunga shina katikati kwa kamba, na kufanya hivyo ni kulifungia nje lile joto la ardhi walilotaka kulihifadhi. Nailoni inayogusa majani huyaunguza kwa baridi, bora kitambaa. Jua likichomoza, funua.

Nitasema wazi kwamba sishauri kufunika kila kitu. Kufunika kunanunua usiku mmoja, mara nyingine mitatu, na mara nyingi baada ya jalidi ya kwanza huja wiki moja au mbili za joto tamu. Hapo usiku ule mmoja unakuwa na thamani. Funika nyanya zilizo karibu kuiva na pilipili zenye matunda. Mchicha uliokwisha kutoa mashada, mgagani uliosimama kukua tangu usiku ulipoanza kupoa, bamia lililokomaa hadi kuwa kama mti: hivyo vichume, shukuru, ng'oa. Kuna kina mama huku ambao jioni ya tahadhari utawakuta bustanini na taa ya kichwani, wanachuma mnavu kwa karai mpaka saa 4 usiku, na mboga hiyo inapikwa, inagawiwa, inajaza friza. Huo ndio uamuzi sahihi.

Viazi vitamu vina haraka zaidi. Matembele tumeyala tangu Julai na yanakufa kwa jalidi ya kwanza kabisa. Yakishanyauka na kuwa meusi, uozo unaweza kushuka kupitia shina hadi kwenye kiazi kilichoko chini, kwa hiyo chimba siku hiyohiyo, au afadhali siku moja kabla. Kisha kuna hatua ambayo kwetu jua na udongo wa joto huifanya bila sisi kujua. Viazi vilivyochimbwa vinahitaji kukaa siku 7 hadi 10 mahali penye joto la nyuzijoto 27 hadi 29 za Selsiasi na unyevunyevu mwingi, ili ngozi izibe michubuko na utamu uongezeke. Huku mahali hapo ni karibu na mtambo wa kupasha nyumba joto, ndani ya boksi, na kitambaa chenye unyevu juu yake. Baada ya hapo vihamie mahali pa nyuzijoto 13 hadi 15, wala visiingie kwenye friji, maana friji huvifanya vigumu katikati hata vikipikwa. Wasukuma, walio na michembe na matobolwa, viazi vyao vya kukausha, walishalijibu swali la kuhifadhi viazi zamani, na jikoni kwangu mashine ndogo ya kukaushia matunda inafanya michembe safi sana Oktoba yote, wakati jua la nje halina nguvu tena.

Nyanya za kijani zisitupwe. Ile iliyofikia ukubwa wake kamili, ikaanza kupauka na kung'aa, ina kila kitu inachohitaji ili iive ndani ya nyumba. Haihitaji jua, inahitaji joto la kawaida la sebuleni. Zivundike kama ndizi: zipange kwenye boksi, zitenganishe kwa karatasi za magazeti, weka katikati ndizi moja mbivu au tofaa, na funika. Tunda bivu hutoa gesi ya ethilini inayoyaivisha mengine, kanuni ileile waliyoitumia bibi zetu bila kuiita jina. Kagua kila siku, ondoa iliyooza. Kwa namna hii watu hula nyanya zao wenyewe hadi karibu na Krismasi. Zile ndogo, ngumu, za kijani kibichi, hazitaiva hata zikisubiri mwaka. Hizo ni za achari, na mtu wa pwani hahitaji kuelekezwa zaidi.

Maboga yapime kwa ukucha. Ukucha usipopenya ganda, boga limekomaa. Kata ukiacha kikonyo cha sentimita 5 hadi 10, usilibebe kwa kikonyo hicho, maana kikikatika kidonda kinabaki wazi na uozo unaingia. Likae siku 10 mahali pa joto, kisha lihamie kwenye chumba cha chini ya nyumba kilicho kikavu na baridi ya wastani. Boga lililotunzwa hivyo linalika Januari, na boga la nazi nje kukiwa na theluji ni chakula kinachomrudishia mtu nguvu ya kuendelea kuishi nchi ya mbali.

Mchaichai na pilipili mbuzi viingie ndani mapema, kabla usiku haujashuka chini ya nyuzijoto 10. Vyote viwili ni mimea ya kudumu. Kwetu vinaishi miaka, huku vinaonekana vya msimu kwa sababu tu baridi inaviua. Mchaichai ng'oa kitawi chenye mizizi, punguza majani hadi urefu wa kiganja, panda kwenye chungu, weka kwenye dirisha la kusini. Majani uliyoyakata ni chai ya mwezi mzima. Pilipili ikate matawi, ihamishie kwenye ndoo yenye matundu chini, na kabla hujaipitisha mlangoni geuza kila jani utazame kama kuna vidukari. Ndani ya nyumba hakuna mdudu wa kuwala, nao watazaana majira yote ya baridi.

Sasa nifike kwenye sukuma wiki, maana hapa ndipo jembe linapowekwa chini mapema mno. Jalidi iliyoua mchicha haiiui sukuma. Huivumilia, na baridi ikizidi hadi nyuzijoto 6 au 7 chini ya sifuri mara nyingi bado inasimama. Zaidi ya kuvumilia, inakuwa tamu. Mmea ukihisi baridi hubadilisha sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari ndani ya seli huchelewa kuganda. Mmea unajikinga, sisi tunafaidi ladha. Ukiichuma Oktoba ya mwisho na kuipika kwa kitunguu na nyanya zilizovundikwa ndani, utaona ule uchungu wa Julai umeondoka na jani limekuwa laini hata bila magadi. Sharti ni moja: asubuhi ukilikuta jani limeganda, gumu na lenye unga mweupe wa barafu, usiliguse. Ngoja jua liliyeyushe kufikia saa 4 au 5, lirudi kuwa hai, ndipo uchume. Karoti nazo huongezeka utamu kwa njia hiyohiyo, na zikifunikwa matandazo manene zinachimbwa hadi ardhi ianze kuganda. Figili zilizosiwa mwishoni mwa Agosti zinakuwa tayari katika mwezi mmoja. Mchicha wa kizungu uliosiwa mwanzoni mwa Septemba na kufunikwa vizuri unaweza kulala chini ya theluji na kuamka Aprili, kabla mtu mwingine yeyote mtaani hajashika jembe.

Kilichozidi kihifadhiwe. Sukuma ichovye kwenye maji yanayochemka dakika 3, mboga laini zaidi dakika 2, kisha itumbukize kwenye maji ya barafu, kamua, funga kwenye mifuko ya kipimo cha mlo mmoja, tia friza. Ukiruka hatua ya kuchemsha, mboga inapoteza rangi na ladha hata ikiwa imeganda. Majani ya kunde mimi nayapenda yakiwa makavu, kama Wagogo na mlenda wao. Ukavu huyapa ladha nzito ambayo friza haiwezi kuitoa.

Kuna kazi moja ya vuli ambayo ningeiweka juu ya zote, nayo ni mbegu. Mbegu za mnavu, mgagani na mchicha wa kwetu hazipatikani kila duka Marekani, na kuzileta kwenye sanduku la safari si jambo la kuchezea. Sheria ya Marekani inataka mbegu zinazoingia nchini ziwe na cheti cha afya ya mimea kutoka zilikotoka, au kibali cha Wizara ya Kilimo kwa vifurushi vidogo. Bahasha aliyoifunga mama kwa upendo isiyo na karatasi hizo huishia mikononi mwa maofisa wa uwanja wa ndege, na mtu anaweza kutozwa faini. Sheria hiyo ina sababu: magonjwa ya mimea husafiri ndani ya mbegu. Njia ya heshima ni kujitengenezea mbegu hapahapa, na Septemba ndiyo mwezi wake.

Usichume kila shina. Toka Agosti chagua mashina mawili au matatu yaliyo bora, yale yaliyochelewa kutoa maua na yenye majani mapana, uyaache. Watu wengi huacha lile lililodumaa kwa sababu halina cha kuchuma, na hivyo kila mwaka wanarithisha udhaifu. Mchicha ukikauka shada lake, likunje ndani ya mfuko wa karatasi, likung'ute, kisha upepete kwa ungo mahali pasipo na upepo mkali, maana mbegu zake ni ndogo kuliko punje ya mchanga mnene. Mnavu subiri vitunda viive kabisa, viponde kwenye bakuli la maji, viache siku moja au mbili, osha. Mbegu nzima huzama na makapi huelea. Zikaushe kivulini juu ya sahani, si juani wala jikoni penye mvuke. Maganda ya mgagani yakate yakianza kuwa ya manjano, kabla hayajapasuka na kuimwaga mbegu yote chini. Kunde ziache mpaka ganda lilie ukilitikisa. Sukuma haitoi mbegu mwaka wa kwanza. Huhitaji kupita baridi na kuingia mwaka wa pili, na baridi ya Minnesota huiua katikati, kwa hiyo hiyo nunua.

Chupa ya kioo yenye kifuniko, jina na mwaka juu yake, mahali pakavu na baridi. Halafu gawa. Mwenye mbegu za mnavu zilizozaliwa hapa kwa misimu kadhaa ana kitu ambacho fedha hainunui kirahisi, maana kila mwaka alipochagua mashina bora yaliyofaulu kuzaa kabla ya baridi, alikuwa anaizoesha mbegu hiyo nchi mpya.

Oktoba ikifika katikati, wakati wengine wamekwisha kufunga, panda kitunguu saumu. Kinafuata kanuni iliyo kinyume na mazoea yetu. Kisipopata wiki kadhaa za baridi, hakigawanyiki punje. Kinabaki tunguu moja la mviringo. Ndiyo maana kwetu kinastawi nyanda za juu kama Mbulu na si Bagamoyo. Tenganisha punje, chagua kubwa, zisimamishe ncha juu kwa kina cha sentimita 5 hadi 8, nafasi ya sentimita 15, kisha funika kwa matandazo mazito. Zitaota mizizi kabla ardhi haijaganda, zitalala, na Julai utavuna. Nunua mbegu kutoka kwa wakulima wa jimbo hili, maana vile vya dukani mara nyingi ni aina zilizozoea hali ya joto na haziiwezi baridi ya huku.

Mabua ya maua usiyakate yote. Nyuki wadogo wa porini hujificha ndani ya mabua matupu mpaka machipuko, na hao ni miongoni mwa wachavushaji wa bustani yako. Septemba pia utaona vipepeo wa monaki, wa rangi ya chungwa na mistari myeusi, wakitua kwenye maua ya mwisho. Wanajaza nguvu kwa safari ya karibu kilomita 3,000 hadi milima ya Michoacán, Mexico. Kizazi hiki cha vuli huishi miezi mingi kuliko wazazi wake wa majira ya joto, ili kiweze kufika huko, kipite baridi na kuanza safari ya kurudi kaskazini. Ua moja ulilolichelewesha kung'oa ni posho yao ya njiani.

Yanabaki majani ya miti. Katikati ya Oktoba mitaa ya Minneapolis inawaka. Siku zikifupika mti huacha kutengeneza klorofili, huvuta virutubisho vyake kuvirudisha shinani, na rangi ya manjano iliyokuwemo siku zote ndani ya jani inajitokeza. Wekundu wa mepo unatengenezwa upya siku hizohizo, kwa sukari iliyobaki. Kisha mti hujikinga kwa kuziba mahali kikonyo kinaposhikana na tawi, na jani linaanguka. Watu husafiri kutoka mbali kuja kutazama. Wiki mbili baadaye uzuri wote huo uko ardhini, na wenye nyumba wanauona kuwa kero.

Sheria za Minnesota hukataza taka za bustani kuchanganywa na takataka za nyumbani, kwa hiyo watu huyafagia majani, huyajaza kwenye mifuko na kuyapanga kando ya barabara, lori la halmashauri lije kuyachukua. Mengine huachwa mferejini, na huko ni hasara ya pili. Mifereji ya mvua humwaga moja kwa moja kwenye maziwa na Mto Mississippi bila kusafishwa. Majani yakiloweka hutoa fosforasi, fosforasi hulisha mwani, na ziwa la kuogelea watoto linageuka uji wa kijani Julai. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tumeona gugumaji linavyonenepa kwa rutuba iliyosombwa kutoka nchi kavu, na hatupaswi kuambiwa mara mbili.

Majani hayo ni mbolea. Pitisha mashine ya kukatia nyasi juu yake yakiwa makavu, yakatike vipande vidogo, kisha yatandaze juu ya kila tuta lililo wazi kwa unene wa kiganja. Yanazuia theluji inayoyeyuka isiondoke na udongo, yanazuia magugu ya Aprili, na kufikia katikati ya mwaka yamekwisha kuwa sehemu ya udongo. Yaliyobaki yachanganye na mabaki mabichi ya bustani na ya jikoni, sehemu mbili au tatu za majani makavu kwa moja ya kijani, na utakuwa na mboji. Hata ukiyarundika tu pembeni bila kuyagusa, baada ya mwaka mmoja hadi miwili yanakuwa udongo mweusi unaonukia msitu. Pale ambapo hutaki kutandaza, sia nafaka ya rai mwezi Septemba. Huota, hupita baridi ikiwa hai, na mizizi yake huushika udongo.

Kabla ya kuingia ndani, fungia maji ya bomba la nje kutokea ndani ya nyumba, uyamwage yaliyobaki kwenye mpira na kuuhifadhi. Maji yaliyoganda hupasua bomba ndani ya ukuta, na fundi wa Januari ni ghali.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Minnesota na majimbo jirani: mifuko ya majani itaanza kupangwa kando ya barabara wiki ya pili ya Oktoba. Gonga mlango, muulize mwenye nyumba kama amepuliza dawa ya magugu kwenye nyasi zake. Kama hakupuliza na majani hayakuchanganyika na udongo unaoweza kubeba minyoo waharibifu, beba mifuko mingi uwezavyo. Na wewe unayesoma ukiwa Tabora, Kisumu au Tanga, ambako mwembe na mwarobaini hupukutisha majani na kila asubuhi yanafagiliwa kwenye fungu na kuwashwa moto: kesho weka kiberiti kando. Chimba shimo nyuma ya nyumba, yatie humo, mwagia maji, funika kwa udongo kidogo, na mvua zikianza panda mchicha juu yake.